Kapu la Nyuso

Kapu lilitoka jikoni mwa shule. Lilikuwa la mianzi, la kubebea viazi, na asubuhi ya uchaguzi nililigonga ukutani mara kadhaa ili udongo uliokauka utoke, kisha nikaliweka darasani kwangu nyuma ya pazia. Pazia nalo lilikuwa kitenge cha mama yangu, kimefungwa kamba kutoka msumari wa ramani hadi nondo ya dirisha. Mtu akiwa nyuma yake ulimwona miguu tu.

Nieleze kwanza jinsi kura ilivyopigwa. Si jambo gumu, na ukilishika hili mengine yatakuja yenyewe.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Chama kilikuwa kimoja, lakini watu wa chama hicho waliruhusiwa kushindania kiti cha mjumbe wa kwenda Kinshasa. Kwetu, upande wa magharibi wa Goma, karibu na Katoyi, walishindana watatu. Mmoja alikuwa tajiri mwenye malori ya barabara ya Rutshuru. Wa pili alikuwa muuguzi wa zamani wa zahanati, ambaye wote tulimwita muganga kwa kuwa ndiye aliyetushika mkono tulipougua. Wa tatu alikuwa mfugaji aliyeshuka kutoka Masisi. Kwa sababu wengi hawakusoma, kila mgombea alichapishwa uso wake kwenye kadi yenye ukubwa wa kiganja. Mpiga kura alipewa kadi tatu na bahasha moja. Aliingia nyuma ya kitenge, akatia kadi ya mtu wake katika bahasha, akaziacha zile mbili nyingine ndani ya kapu, akatoka na kutumbukiza bahasha sandukuni. Kadi haikuruhusiwa kutoka nje ya mlango. Mwisho wa siku tulitakiwa kuhesabu: kwa kila bahasha moja ya sandukuni, kadi mbili za kapuni. Ni hesabu ya mwaka wa pili wa shule ya msingi, na mimi ndiye niliyefundisha mwaka wa pili.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Shuleni waliniita Madamu, kama walimu wote wa kike. Mkuu wa meza ya kura alikuwa Direkteri wetu, mkuu wa shule, mzee aliyenifundisha mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Alibakiza mwaka mmoja apate pensheni yake, na alikuwa akiishi na mke wake katika nyumba ya shule, vyumba viwili vya mawe meusi nyuma ya madarasa. Mtu yule alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi waliiigiza kwa kucheka: alihesabu chaki. Asubuhi alikupa chaki zako akakuambia ni ngapi, nawe ulizihesabu mbele yake. Jioni mlihesabu tena vipande vilivyobaki.

Asubuhi ile alitusomea amri zote, polepole, kidole kikifuata mistari. Halafu akanipa kazi ya kusimama kando ya pazia na kuwaeleza watu.

“Weye unajua kueleza,” akaniambia. “Mutu akiingia na woga, umutoe woga. Lakini kapu iko mikononi mwako. Sawa?”

“Sawa, Direkteri.”

Sisi wa meza tulipiga kura kwanza ili tusipoteze muda baadaye. Niliingia, nikatia kadi moja katika bahasha, nikaziacha mbili kapuni, nikatoka. Sikuzitazama. Nilikuwa nikifikiria maneno ya kuwaambia watu.

Maneno niliyoyapata yalikuwa haya: “Mama, ni kama kuchagua mbegu. Unachagua moja ya kupanda, zingine unaziacha kwenye kapu.” Watu walitabasamu na kuingia bila woga. Foleni ilitoka mlangoni, ikakata uwanja wa changarawe nyeusi, ikafika kwenye mikaratusi ya barabarani. Wengi walikuwa familia za Masisi zilizohamia mtaani kwetu, akina mama waliovaa vitenge vya kanisani na wazee wenye fimbo za kuchungia ng’ombe. Wote walikuwa wameoga na kujipaka mafuta kama siku ya ubatizo.

Saa tatu hivi aliingia mama mmoja mzee ambaye kila asubuhi aliuza maziwa kando ya uzio wetu. Alikaa nyuma ya kitenge muda mrefu. Nikaona miguu yake ikigeuka huku na huku. Kisha akatoka na bahasha chini ya kwapa na kadi mbili mikononi, amezishika kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kitu cha heshima.

“Madamu, hizi naziweka wapi?”

“Mu kapu, mama. Liko pale chini.”

“Nitupe mutu?”

“Si mutu, mama. Ni kadi tu.”

“Iko na macho.” Akanigeuzia nione. “Tazama. Huyu wa malori ndiye alibeba jeneza ya bwana yangu mpaka Masisi, na hakuniomba kitu. Huyu wa ng’ombe ni mutoto ya jirani yetu kule mulima, nilimubeba mugongoni. Muganga nimemuweka mu bahasha, sawa…”

“Mama, nyamaza! Kura ni siri!”

“Siri gani? Kila mutu anajua muganga alinizalisha.” Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. “Sasa hawa wawili nibatupe mu kapu ya viazi, juu ya udongo? Wakifa kesho, nitasema nini mbele ya mama zao?”

Hapa lazima nikueleze tena kidogo. Siku zile, katika nyumba za watu wa milimani, picha ya mtu haikuwa kitu cha kila siku. Ilikuwa ya arusi, au ya mtoto aliyekwenda mbali, au ya marehemu. Iliwekwa ndani ya Biblia au ilitundikwa juu ukutani, mahali ambapo moshi haufiki. Kutupa uso wa mtu aliye hai katika takataka kulikuwa ni kumtakia jambo ambalo halitamkwi. Nilikuwa nalijua hilo. Bibi yangu aliishi hivyo. Ila shule ilikuwa imenifundisha kulisahau nikiwa kazini, na nililikumbuka pale tu, mbele ya yule mama na mikono yake miwili.

Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, “Basi mama, enda nabo nyumbani.”

“Aksanti, mutoto yangu. Mungu akupe bwana mwenye akili.”

Akafungua Biblia aliyoibeba, akawalaza wale wawili ndani, akatumbukiza bahasha na kutoka. Aliyefuata alikuwa amesikia kila neno.

“Na mimi naenda nabo?”

Nikaitikia kwa kichwa. Ikawa hivyo. Si wote, lakini wengi. Wengine walitia kadi mifukoni bila kuuliza, kwa aibu, kama mtu anayechukua chakula cha kumpelekea mtoto. Bwana mmoja akatoka nazo mkononi, akazitazama, akasema kwa sauti, “Nyumbani muke yangu amechoka na sura yangu moja, sasa namuletea za wanaume wengine wawili!” Watu wakacheka mpaka barabarani. Hata mimi nilicheka. Ilikuwa siku nzuri, na sijapata kuwaeleza watu jambo vizuri kama siku ile.

Meza ya Direkteri ilikuwa upande wa pili, karibu na mlango wa kuingilia, naye alikaa ameinamia vitambulisho na orodha. Mara mbili aliinua kichwa.

“Madamu, kapu?”

“Iko sawa, Direkteri.”

Mara ya pili alichelewa kidogo kurudisha macho kwenye orodha. Angekuja kutazama, nadhani, kama ningekuwa mwalimu mwingine. Mimi alikuwa amenilea.

Tulifunga jua likiwa bado juu ya paa la kanisa. Tukahesabu bahasha, kisha tukamimina kapu juu ya meza. Kadi hazikufika nusu ya zilizotakiwa. Direkteri akazihesabu tena, peke yake, midomo ikienda. Akainama, akatazama ndani ya kapu, akatia mkono akapapasa mianzi ya chini. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama ubao.

Karani wa mwenye malori alikuwa shahidi wa tajiri wake, na tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni. Akasimama.

“Kadi za patron yangu ziko wapi?”

Akaninyooshea kidole.

“Niliona batu wanatoka nazo. Nilijua. Madamu amefungua studio ya picha!”

Bahasha zilipofunguliwa, muganga alikuwa amepata kura nyingi kuliko wale wawili pamoja. Karani akaandika lalamiko palepale, kwa mwandiko mzuri sana. Nilipolisoma ndipo nilipoielewa ile amri ya mlangoni, na naomba uielewe pia, kwa sababu karani hakuwa mjinga. Mtu akitaka kununua kura, anajuaje kwamba yule aliyemhonga amemchagua kweli? Anamwambia: niletee kadi mbili zilizobaki. Ukimletea kadi ya malori na kadi ya mfugaji, basi amejua kwamba ya muganga iko sandukuni. Kadi zinazotoka nje ni ushahidi wa kura iliyouzwa. Watu wetu walikuwa wametoka na ushahidi huo mikononi, mchana kweupe, mamia yao, wakicheka.

Kamisheni ya uchunguzi, ya watu watatu, ilikuja wiki iliyofuata na kukaa katika darasa langu. Watoto walirudishwa nyumbani. Asubuhi hiyo Direkteri alinikuta kwenye pipa la maji ya mvua, akaniambia, “Leo usiseme. Meza ilikuwa yangu. Wakiuliza, nitajibu mimi.”

“Watakufukuza, Direkteri.”

“Wanaweza.”

“Na pensheni?”

“Chota maji, mutoto yangu. Wanangoja kunawa.”

Nilikuwa nimedhani nitalia. Sikulia. Tangu jioni ile ya kuhesabu nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu: nilijua mguu upo, nilikuwa nikiutembelea, lakini haukuniambia kitu.

Mkuu wa kamisheni hakuwa mtu mkali. Alikuwa amechoka, alikuwa ametoka kusikiliza malalamiko mengine mahali pengine na alikuwa na mengine ya kusikiliza kesho yake. Alisoma lalamiko, akamwuliza Direkteri, akimwita raia kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa miaka ile, “Sitwayeni, kadi zilitoka?”

“Zilitoka.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Mkuu wa meza ni mimi.”

Nikasimama. Direkteri akasema, “Madamu, kaa,” kwa sauti ileile ya zamani, ya mwaka wa sita, na kwa mara ya kwanza maishani sikuitii. Nikasema ruhusa ilitoka kwangu. Nikaeleza yote, kama ninavyokueleza wewe: kapu la viazi, mama wa maziwa, jeneza lililobebwa mpaka Masisi, picha zinazolazwa ndani ya Biblia. Nilieleza kwa mpangilio. Nilijisikia nikiongea vizuri, na sikusikia kitu kingine. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, peni ikiwa hewani.

“Kwa hiyo batu wote hawa walichukua kadi kwa sababu ya heshima?”

“Ndiyo.”

“Hata ya mutu ambaye hawakumuchagua?”

“Hasa huyo.”

Karani akacheka puani, akamwita mkuu kwa Kifaransa. “Chef, hii ni hadithi ya kulaza batoto.”

Madirisha yalikuwa yamejaa vichwa. Mama wa maziwa alikuwa miongoni mwao, na pale aliposikia akitajwa akapiga kioo. “Bote wawili niko nabo hapa! Sikubauza! Nimebaleta!” Mlinzi akamwingiza. Akafungua Biblia juu ya meza na kuwatoa wale wawili, kadi safi kama siku ya kwanza, akazisogeza mbele kwa mikono miwili. Alikuja kumsaidia Direkteri. Alidhani akirudisha kilichokosekana, shauri limekwisha.

Mkuu wa kamisheni akazipokea. Akazipanga pamoja na karatasi ya lalamiko, akachukua pini, akazitoboa zote kwa pamoja ili zisipotee. Pini ilipita kwenye paji la uso la mwenye malori. Mama akavuta pumzi. “Yesu,” akasema, taratibu sana.

“Hii ni kielelezo namba moja,” akasema mkuu. Halafu akafikiri kidogo. Naamini alitaka kututendea haki. Akachukua bunda la kadi ambazo hazikutumika, akachomoa moja ya mwenye malori, akampa karani. Kapu lilikuwa palepale, nilikuwa nimelirudisha kama nilivyoagizwa.

“Weye ni mutu wa huku?”

“Ni wa Masisi, Chef.”

“Unafanya kazi kwa huyu?”

“Miaka kumi na moja.”

“Basi tupa.”

 Karani alikuwa na tabasamu bado, lakini halikuwa na kitu nyuma yake. Aliitazama kadi. Akaifuta kwa kidole gumba, ingawa haikuwa na vumbi. Nje, mzee mmoja aliyesimama na fimbo akasema kwa Kinyarwanda, “Oya,” yaani hapana, wala si kwa kukataza. Alikuwa kama anayemwomba. Nikawaza: hataweza, na ikiwa hataweza, Direkteri amepona. Nilihesabu vioo vya dirisha. Vilikuwa kumi na viwili na kimoja kilikuwa cha karatasi ngumu.

Akaitupa. Hakuiweka, aliirusha kwa vidole viwili, na ikaanguka kapuni uso ukiwa juu. Kisha akajifuta mkono kwenye suruali.

“Inatupika,” akasema mkuu wa kamisheni, na akaandika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kura za meza yetu zilifutwa zote. Kiti kilikwenda kwa mfugaji, kwa kura za mahali pengine, hivyo karani hakumpatia tajiri wake kitu. Kwenye ripoti palikuwa na nafasi moja ya sahihi, ya mkuu wa meza, na Direkteri alitia sahihi yake. Maneno yangu hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Barua yake ilikuja baada ya siku kumi: ameondolewa kazini kwa kutoa kadi nje, atoke katika nyumba ya shule. Pensheni haikutajwa, na kwa barua za aina ile, kisichotajwa hakipo. Mimi sikupata barua. Niliendelea kufundisha kutoa na kujumlisha.

Aliondoka siku ya Jumamosi kurudi kwao Rutshuru. Malori ya barabara ile yalikuwa ya tajiri yuleyule, na hakukuwa na jingine. Dereva alisaidia kupakia kitanda na masufuria kwa heshima kubwa, akampa mke wa Direkteri kiti cha mbele. Kwenye kioo chake, upande wa juu, alikuwa amebandika kadi ya tajiri wake. Sijui aliitoa wapi. Kwetu, pengine.

Direkteri akaja nilipokuwa nimesimama, chini ya ubaraza wa darasa. 

“Uliwaeleza vizuri,” akasema. “Walikuelewa wote. Ni mimi tu hukunieleza.”

“Niliogopa foleni itasimama.”

“Ingesimama. Ningekuja, tungetafuta meza, tukaweka kitambaa, tungesema: mama, mulaze hapa. Wangewalaza. Hesabu ingefika.” Alisema hivyo bila ukali, kama anayesahihisha daftari. Kitambaa juu ya meza. Sikuwa nimekiwaza hata mara moja, na kitenge cha mama yangu kilikuwa kinaning’inia mbele ya macho yangu siku nzima.

“Direkteri, zangu nilitupa,” nikamwambia. “Asubuhi ile. Kapuni. Hata sikuangalia ni nani.”

Akageuka kutazama mlango wa darasa.

“Hata mimi,” akasema.

Dereva akapiga honi mara moja, fupi, ya kuomba radhi. Direkteri akatoa mfukoni kiboksi cha chaki, kile cha ofisini, akaniwekea mkononi.

“Muvua hii itaingia ofisini mbele direkteri mwingine hajafika. Ukae nazo weye. Ziko arobaini na moja. Hesabu.”

Nikapiga magoti kwenye ubaraza, nikazimwaga juu ya simenti, nikazihesabu mbele yake moja moja, nzima na vipande. Alingoja. Dereva naye alingoja.

“Iko sawa?”

“Iko sawa, Direkteri.”

Safari hii aliinama akatazama mwenyewe, kidole kikizipitia, midomo ikienda, mpaka ya mwisho. Kisha akaenda kupanda lori.